Michikichi Iliyoota Kwenye Kompyuta

Jumatatu, 12 Mei 2025

Bwana Mwinshehe, mkurugenzi wetu, ametangaza kwamba kitengo cha ramani kitapata mkuu wake. Ametutazama wawili, mimi na Scola, akasema ataamua akishaona kazi ya mwambao. Scola ameendelea kunywa chai. Mimi sikuweza hata kukaa. Nimetoka nje, nimerudi, nimetoka tena. Mlinzi ameniuliza kama tumbo linanisumbua.

Kwa atakayesoma haya nikishakuwa mkubwa: mimi ni Thobias, fundi ramani katika shirika dogo lenye ofisi mtaa wa Mwanga. Chumba changu kiko Gungu. Chumba cha muda tu.

Kazi ya mwambao ni hii. Ziwa limepanda. Limekula ukingo wa Ujiji, na kuna watu wanaoamka maji yakiwa mlangoni. Shirika limepata viwanja kule juu. Ramani yetu itaonyesha wapi ni maji, wapi ni michikichi, wapi ni makazi. Nyumba iliyomo kwenye makazi ya ukingoni inapata kiwanja. Isiyomo haipati.

Mama Gloriose anakaa ukingoni, safu ya kwanza kabisa. Anaanika dagaa na kuuza. Ni mama yake Happiness, mwalimu wa chekechea, na Happiness ndiye sababu ya mimi kunyoa ndevu hata siku za kazi. Natafuta washenga. Lakini washenga wakitumwa na mkuu wa kitengo wanapokewa vingine.

Jioni nimepanda bodaboda hadi Ujiji. Nimemwamkia mama, nimemwambia kiwanja chake asikihesabu tena kama ndoto. Mimi ndiye nachora ramani. Nikaongeza kwamba ni mtaalamu wa rasta. Akaitazama mikono yangu kwa muda, akauliza kama nasuka na za watoto. Happiness akacheka mpaka akaingia ndani. Nimemweleza mama kwamba hii ni rasta nyingine, ya kompyuta. Akasema sawa, kazi ni kazi.

Jumanne, 13 Mei

Scola amemaliza sehemu yake. Ameichukua picha ya setilaiti na kuigawa. Sasa nchi nzima ya mwambao imekatwa miraba, safu kwa safu, kama daftari la hesabu. Kila mraba una namba moja tu. Moja ni maji. Mbili ni michikichi. Tatu ni makazi. Hiyo ndiyo rasta. Mraba mmoja una mita thelathini kila upande. Ndani yake kunaweza kuwa na nyumba, kichanja cha dagaa, choo na bata, lakini namba inabaki moja, ya kile kilichozidi.

Kazi yangu ni kuipendezesha na kuichapa.

Tatizo: haipendezi. Ukiikuza kidogo, ziwa linageuka ngazi. Ukingo wote umekatika kwa pembe, kama sakafu ya bafu. Nimemwambia Scola kwamba hakuna mkubwa atakayeheshimu ziwa lenye pembe. Amesema niiache hivyo hivyo. Setilaiti iliona mita thelathini, haikuona zaidi, na kuikuza picha hakuongezi kilichoonekana. Tuandike pembeni kwamba nyumba moja moja haitambuliki, kisha twende tukahakikishe kwa miguu.

Kwa miguu! Mtu ana shahada na anataka kutembea.

Nimebadilisha kiti mara kadhaa leo. Hakuna kiti kinachonifaa.

Alhamisi, 15 Mei

Nimepata njia.

Programu inaweza kuikata upya miraba iwe midogo. Nimechagua mita moja. Kila mraba wa Scola umezaa miraba mia tisa. Halafu programu ikaniuliza hiyo midogo ipewe namba gani: ichukue ya mraba ulio karibu zaidi, au ichukue wastani wa majirani? Nikajaribu ya kwanza. Pembe zilibaki vilevile, ila sasa zilikuwa pembe zenye miraba mingi. Nikachagua wastani.

Kompyuta ikaanza kuunguruma kama mashine ya kusaga. Nikaenda kunywa chai, nikarudi, bado. Nikaenda kununua kalenda ya mwaka huu kwa bei ya kutupa, nikarudi, bado. Faili limenenepa mpaka likajaza diski ya ofisi nzima. Scola akashindwa kuhifadhi kazi yake, akauliza nani ameweka nini. Nikasema nadhani ni umeme. Akanitazama. Feni ya kompyuta yangu ilikuwa inapiga kelele kiasi kwamba ilibidi niseme mara mbili.

Lakini matokeo! Ukingo umelainika na kupinda kwa upole, kama umechorwa kwa kalamu. Na kuna zawadi. Kati ya ziwa la bluu na makazi mekundu umetokea mkanda mwembamba wa kijani, unafuata maji kuanzia Ujiji kuelekea Kibirizi. Michikichi. Scola hakuiona. Ilikuwa imejificha ndani ya miraba yake mikubwa, na mimi nimeitoa.

Sikumbuki kuwahi kuona michikichi pale. Lakini pale huwa naenda kwa ajili ya Happiness, siangalii miti.

Ijumaa, 16 Mei

Ushindi. Ramani imetandazwa mezani, imepigwa picha na simu za watu wanne. Bwana Mwinshehe amesema hii sasa ndiyo ramani. Mwenyekiti wa mtaa amepitisha kidole kwenye ukingo kama anapapasa kitambaa.

Scola ameuliza, kwa sauti ya kawaida, ule mkanda wa kijani umetoka wapi, kwa sababu yeye hakuuweka. Nikasema umetoka kwenye ubora. Akasema anaomba tuahirishe mpaka ukingo utembelewe. Bwana Mwinshehe akasema viwanja havisubiri, na kwamba si vizuri kuoneana wivu kazini. Sikutabasamu. Nilitazama dirishani kwa heshima.

Kulikuwa pia na Elia, bwana shamba, mwenye kitalu cha miche ya michikichi. Alisimama kabisa. Alisema amezunguka mkoa huu miaka yote na hajawahi kusikia kuna michikichi inayofuata ziwa kwa urefu huo. Anataka kuiona. Nikamwambia karibu sana.

Nimetembea kutoka Mwanga hadi Gungu kwa miguu, kwa furaha. Nimepita kwangu bila kujua, ikabidi nirudi.

Jumapili, 18 Mei

Siku mbaya.

Baada ya misa watu walikusanyika kwenye uwanja wa ofisi ya mtaa. Mwenyekiti akasoma majina ya wanaopata viwanja. Nilikuwa nimesimama nyuma ya Mama Gloriose, nimevaa shati la kola, tayari kupokea shukrani. Yakasomwa ya safu ya pili. Yakasomwa ya safu ya tatu. Mwenyekiti akakunja karatasi yake.

Safu ya kwanza yote haikutajwa. Wale ambao maji yako mlangoni kwao.

Mama Gloriose aliinua mkono. Akauliza kwa utulivu kabisa, "Mwenyekiti, mimi umeniruka au umenisahau?"

Mwenyekiti alisema hajamruka mtu. Amefuata ramani. Ramani inaonyesha kuanzia kwa Mama Gloriose mpaka mwisho wa safu ile hakuna makazi, kuna shamba la michikichi, na viwanja ni vya nyumba, si vya mashamba.

"Kwa hiyo mimi nalala juu ya mchikichi?"

Wengine walicheka. Yeye hakucheka. Mzee mmoja wa safu ya kwanza alikaa chini pale pale kwenye mchanga, akavua kofia. Mkewe alitolewa ndani ya nyumba mwezi uliopita amebebwa, maji yakiwa magotini.

Happiness aligeuka akanitazama. Nikasema kuna kitu kidogo nitakishughulikia kesho. Akauliza, "Kidogo kiasi gani?" Nikasema cha kitaalamu. Mama yake alikuwa ameshaanza kuondoka.

Nimepanga upya vitu vya chumbani. Kitanda sasa kiko mlangoni na siwezi kufungua vizuri.

Jumatatu, 19 Mei

Elia amekuja asubuhi amevaa mabuti na kofia. Nilisahau kabisa kwamba nilimkaribisha.

Tumetembea ukingoni kuanzia Ujiji. Upande mmoja maji, upande mwingine nyumba. Mitumbwi. Vichanja vya dagaa. Matete machache. Elia alikuwa ananitazama, kisha anatazama ramani, kisha ananitazama. Nilikuwa naongeza mwendo ili tufike haraka mahali nisipopajua. Hatimaye akasimama, akauliza michikichi iko wapi.

Nikasema imezama. Ziwa limepanda, si anajua.

Akafikiri. "Thobias, mchikichi unapita paa la nyumba. Imezama yote, hata makuti hayaonekani?"

Nikasema ilikuwa bado midogo.

Akaguna, akasema basi ni hasara kubwa, na akaandika kitu. Sijui ameandika nini. Kutwa nzima nimekuwa nawaza alichoandika.

Jumanne, 20 Mei

Nimemuuliza Scola kwa ujanja. Nimemwambia nina rafiki yangu kule Kasulu ambaye ana rasta yake, ameipitisha kwenye wastani, na yametokea mashamba ambayo hayakuwapo. Tatizo la rafiki yangu ni nini?

Scola aliweka kalamu chini. "Huyo rafiki yako, maji ameyapa namba gani?"

"Moja."

"Na makazi?"

"Tatu."

"Wastani wa moja na tatu?"

Nilijua jibu tangu darasa la tatu.

"Mbili," akasema Scola. "Na kwake mbili ni nini?"

Nikasema rafiki yangu hakuniambia.

Alinieleza pole pole, bila kunicheka, na hilo liliniudhi zaidi. Kuna rasta ambazo namba zake ni kipimo, kama joto au urefu wa mlima. Hizo unaweza kuzipiga wastani, kwa sababu kati ya mlima na bonde kweli kuna mteremko. Lakini hizi namba zetu ni majina tu. Maji yakikutana na nyumba, katikati hakuoti michikichi. Akasema, "Mwambie rafiki yako arudie leo. Kuna watu ndani ya ile miraba."

Nimerudi mezani kwangu. Kurudia ni kazi ya muda mfupi. Ni kubonyeza tu. Lakini nikirudia ina maana nilikosea, na aliyekosea hawi mkuu wa kitengo, na asiye mkuu wa kitengo atume washenga gani?

Nimekaa, nimesimama, nimekaa. Halafu nikaona.

Ramani haina haja ya kubadilishwa. Ardhi ndiyo ibadilishwe. Michikichi ikiwepo pale ukingoni hata kidogo, ramani itakuwa imesema kweli, na mimi mwenyewe nitaomba safu ya kwanza iingizwe kwa huruma kama nyumba zilizo ndani ya shamba. Kila mtu anafurahi. Elia anafurahi. Mama anapata kiwanja kutoka mkononi mwangu.

Nimempigia Elia. Nimemwambia nataka miche, kufidia ile iliyozama. Sauti yake ilitetemeka kwa hisia. Amesema nichukue mingi niwezavyo.

Jumatano, 21 Mei

Nimefika Ujiji asubuhi na bajaji iliyojaa miche. Dereva aliuliza kama nimeanza kilimo. Nikasema ni mambo ya ramani.

Nilianzia nyuma ya vichanja vya Mama Gloriose, kwa kuwa ndipo nilipopafahamu. Mchanga umelowa. Unachimba shimo, maji yanajaa. Unatia mche, unaelea. Nikaubana kwa mawe, wimbi likaja likachukua mche na kuacha mawe. Bata walinifuata nyuma wakidhani napanda chakula. Nikaongeza bidii. Nilikuwa nimeinama, nimelowa mpaka kiunoni, mche mmoja mkononi na mwingine mdomoni, niliposikia beseni linawekwa chini.

Mama Gloriose alikuwa amesimama na dagaa wabichi miguuni mwake.

"Mwakeye, Thobias," akasema. Alinisalimia kwa Kiha, kwa adabu, kama mgeni wa mbali.

Nikautoa mche mdomoni nikasema shikamoo mama.

Hakuitikia. Alitazama miche. Alitazama nyumba yake. Nilimwona anavyohesabu mambo, na nilitamani nimzuie.

"Jumapili mlisema nyumba yangu ni shamba," akasema. "Nikadhani ni makosa. Kumbe mlikuwa mnatangulia kusema, halafu ndiyo mje mpande."

Nikasema sivyo ilivyo.

"Mimi nilikuja kutoka Burundi nikiwa nimebeba mtoto mgongoni. Hapa ndipo niliposimamisha nguzo. Maji yananitoa, nayaelewa, maji hayana akili. Wewe uliyekula ugali wangu ndiye unipandie miti mlangoni?"

Majirani walikuwa wameshatoka. Hakuna aliyepiga kelele. Hilo ndilo lililonitisha. Yule mzee wa kofia aliokota mche mmoja, akaniwekea mkononi, kisha akaniambia tuondoke. Nimepelekwa ofisi ya mtaa nikiwa natembea mbele, nimekumbatia michikichi, na bata wawili nyuma.

Mwenyekiti alimwita Elia aje aeleze. Nilifurahi, nikajua sasa nina mtetezi. Elia alikagua miche, akasikiliza pande zote, akasema kosa langu ni moja, nimepanda karibu karibu mno. Mchikichi unataka nafasi.

Ijumaa, 23 Mei

Kikao. Bwana Mwinshehe hakunitazama tangu mwanzo hadi mwisho.

Kumbe jana Scola alitembea ukingo mzima pamoja na mwenyekiti, nyumba kwa nyumba, akiwa na simu yake na ile rasta ya mwanzo, ya miraba yenye pembe. Mahali mraba ulipochanganya maji na nyumba, aliingia, akasalimia, akaweka alama. Leo ameitandaza juu ya ramani yangu. Safu ya kwanza ipo. Nyumba zote. Aliposema neno michikichi, watu walitazama meza.

Nilijitetea. Nilisema ukweli ambao hakuna mwingine aliyeuona: kosa ni la namba. Scola angeipa michikichi namba kumi, wastani wa moja na tatu usingeiangukia. Kwa nini aliiweka katikati, kama si mtego? Bwana Mwinshehe akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akamuuliza Scola kama anaweza kuanza kazi ya ukuu wa kitengo Jumatatu.

Jioni mwenyekiti akasoma majina upya. Mama Gloriose alikuwa wa kwanza. Nilisimama mbali, kwenye duka la vocha. Nilimwona akifuta macho kwa ncha ya khanga, kisha akamshika Scola mikono yote miwili na hakumwachia. Mzee wa kofia akavaa kofia yake. Kuna kitu kilinipita kifuani, sikijui jina. Nilikaribia kwenda pale nikasema neno. Nilipiga hatua, nikarudi, nikapiga tena. Nilipoamua, uwanja ulikuwa mtupu.

Happiness alinikuta njiani. Sauti yake haikuwa kali, na nilitamani iwe kali.

"Mama anasema washenga waje," akasema.

Nikaanza kutabasamu.

"Michikichi uliyompandia ikizaa."

Nikamuuliza yeye mwenyewe anasemaje. Akasema yeye anashangaa kitu kimoja: siku ile Jumapili ningesema tu kwamba nimekosea, mama yake angecheka na kunipakulia. Kisha akapanda bodaboda.

Nimeliwaza hilo muda wote wa kurudi. Nimelikataa. Mtu hawezi kujenga jina kwa kukosea hadharani.

Jumanne, 27 Mei

Mambo yamegeuka vizuri sana. Scola, ambaye sasa ni mkuu wangu, hana kinyongo. Ameniita asubuhi akanipa kazi yangu peke yangu. Wenye boti za mizigo wanataka ramani ya kina cha ziwa karibu na mwambao, wajue wapi wanaweza kupita wakiwa wamejaza na wapi watagonga mwamba.

Data ni rasta, na safari hii namba ni kipimo cha kweli, mita kwa mita. Nimemkumbusha Scola kwamba hii inaruhusu wastani. Amesema ndiyo, lakini niangalie: kuna miraba mitupu. Ni mahali ambapo hakuna aliyepima. Ameniambia mara mbili niiache mitupu, ionekane nyeupe, na pembeni tuandike kwamba hapajulikani.

Nimeifungua ramani mchana. Ni nzuri, bluu inaingia ndani ya bluu. Lakini imetoboka. Madoa meupe kila mahali, kama nguo iliyoliwa na mende. Hasa karibu na ukingo, kwenye miamba, ambako wapimaji nadhani waliogopa kuingia.

Nimezunguka meza. Nimekaa. Nimesimama. Mtu akiletewa ziwa lenye matundu atasema nini juu ya aliyelichora?

Programu ina kitufe cha kujaza. Inatazama majirani, inakisia. Majirani wote wana kina kirefu, kwa hiyo na matundu yamepata kina kirefu. Haikuchukua hata muda wa chai.

Nimeichapa kwa rangi. Imependeza kupita kiasi. Manahodha wanakuja kuichukua kesho asubuhi, na nimeshanyoa. Ziwa letu sasa halina mahali hata pamoja pasipojulikana.